Gari Lililokula Madaftari

Kila siku akitoka shuleni, binti yangu Ornella huketi mlangoni petu, mtaani Kadutu, na koleo mkononi. Anakunja waya, anakata makopo ya sadini, anachonga magurudumu kwa kandambili kuukuu. Malori yake madogo ya kuchezea yaliuzwa vizuri.

Halafu akabuni gari kubwa: milango inafunguka, taa mbili zinawaka kwa betri. Akatangaza bei yake, franka elfu tano. Wanunuzi wakaja hata kutoka Nyawera, katikati ya mji. Mimi mama yake nilijivuna, sikuuliza kitu.

Kosa lilikuwa hili: waya, taa na betri dukani bei yake iko kwa dola, naye aliuza kwa franka. Dola ikapanda, bei yake ikabaki palepale. Kadiri alivyouza ndivyo alivyopoteza. Aliona haya kusema. Nilipompa pesa za madaftari ya muhula mpya, akanunulia waya.

Mwalimu akaniita, akaniambia Ornella anaandika kwenye karatasi za kuokota. Nyumbani nilimbana hadi akakiri zilikokwenda pesa, nikamwamuru aache gari lile leo hii, arudie malori.

"Maman, unichape," akasema, macho makavu. "Pesa nilikula, ni kosa langu. Lakini gari yangu siachi."

Nikampeleka kwa kaka yangu Constantin, fundi wa magari. Yeye hakumgombeza. Alimtaka ataje kila kitu kinachoingia katika gari moja, kwa bei ya siku ile. Ikafika elfu sita na mia tano.

"Hata viwanda vikubwa vya Ulaya vimeshauza magari mazuri kwa hasara," tonton wake Constantin akasema. "Watu wanasifu, kiwanda kinalia. Wewe una pesa kuliko vile?"

Kesho yake akatangaza elfu nane. Destin, anayesoma naye, akamcheka kwa cheo cha mkurugenzi: "Madame Directrice, magari yako utayapanda mwenyewe." Wiki nzima hakuuza hata moja. Nilimsihi apunguze, akakataa. Jumamosi jirani yetu Papa Zagabe alifungua milango ya gari, akaifunga, akaifungua tena, akalipa elfu nane. Wengine wakafuata, wachache tu, na faida ya kwanza ikaenda kwenye madaftari.

Alipomaliza kuyanunua yote nilimwambia hivi, nanyi mnaosoma nawaonya vilevile: kukataa kwako hakukunitisha. Kilichonitisha ni kuficha. Bishana na mimi, bishana na soko zima, lakini hesabu yako iwe mezani, kila mtu aione.