Sombe Isiyosalimiana

Kila jioni pale mtaani Kilibula michi hulia ua kwa ua: watu wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Délice wa darasa la sita hakuupenda mchi. Alipenda kusifiwa.

Mwalimu Habonimana alikuwa amewapa kazi ya kueleza neno sintezi. Atakayelieleza vizuri atasimama mbele ya wazazi Jumamosi. Délice alikwisha kualika majirani wote. Mbuzi tu ndio waliosahauliwa.

Zamu yake ilipofika akapayuka: "Neno ni la Wagiriki, kuweka pamoja! Wanakemia wanaunganisha vitu, wanapata kitu kipya! Majani yanachukua mwanga, maji na hewa, yanajitengenezea chakula! Mwisho wa somo tunafupisha, nayo ni sintezi!"

"Sawa. Na hayo yote yanahusianaje?"

Délice akakodoa macho kama ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwenye mwaniko.

"Umenimwagia kikapu cha soko," mwalimu akasema. "Kesho nipe jibu lililoiva."

Jioni, bibi yake, Koko Pudentienne, akamwachia sombe apike, akaenda kwaya. Délice, bado amenuna, akauruka mchi. Majani mazima, ndagala, vitunguu, mawese: vyote akavitupa ndani ya chungu!

Koko aliporudi akafunua. Majani yaliogelea huku, ndagala kule, mawese yalielea juu.

"Mjukuu wangu, hii iko nini?"

"Sombe, Koko. Vyote viko ndani."

"Viko ndani, ndiyo, lakini havijasalimiana! Miye niliomba sombe, weye umenipikia ziwa."

"Nilete wavu?" akauliza kaka yake, Rémy.

Délice akacheka, kisha akachungulia chungu tena. Kumbe hata jibu lake la darasani lilikuwa hivyohivyo! Akaopoa majani, akashika mchi, akatwanga mpaka mabega yakalalamika.

Kesho yake akasema polepole: "Mwalimu, maana zote zina mchi mmoja. Vingi vinawekwa pamoja, kinatoka kimoja ambacho hakikuwepo. Hata somo haturudii lote. Tunalitwanga, tunabaki na kiini."

Mwalimu akacheka, akamchagua.

Jumamosi, wazazi walipomaliza kupiga makofi, mwalimu akawaambia wanafunzi: "Kukusanya ni kazi ya miguu. Kuunganisha kunataka akili na jasho, na hakuna njia ya mkato."

"Jasho liko linamngoja nyumbani!" Koko akadakia kutoka nyuma. "Majirani wote aliowaalika wanakuja kula. Délice, mwanangu, mchi umekukumbuka."