Kitanda cha Nne

Mambo yalianza na kifungo cha shati. Anayetaka kucheka na acheke hapa hapa mwanzoni, kwa sababu huko mbele nafasi hiyo hataipata.

Kilikuwa kifungo cheusi cha matundu manne, na mama mwenye nyumba alikikuta asubuhi alipokuwa akifuta meza. Juu ya meza ilitandazwa ramani ya kisiwa chao, na jana yake jioni familia nzima ilikuwa imeikalia kikao kupanga safari: mwezi mzima wa kukizunguka kisiwa kwa gari, wakikokota tela la kulala, wakitua watakapopapenda. Kila mmoja alipewa haki ya kuchagua kituo kimoja, akaweka kifungo kutoka kwenye kopo la cherehani. Baba alichagua ufuko mpana ambako tela lingeweza kurudishwa nyuma bila matusi. Mama alichagua chemchemi ya maji moto kwa ajili ya mgongo wake, maana kushona ni kazi ya kukaa, na kukaa nako kunavunja. Binti yao wa miaka tisa, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba wao, alichagua maporomoko ya maji kwa sababu shoga yake wa shuleni alidai amewahi kuyaona, naye hakumwamini. Watu watatu, vifungo vitatu.

Kifungo cha nne kilikuwa upande wa machweo, mahali ambapo mstari wa barabara ulikatika kabla ya kufika baharini.

Mama alidhani ni cha mumewe. Mumewe alikiona wakati wa chai, akadhani ni cha mkewe. Kitinda alidhani ni mambo ya wakubwa. Hakuna aliyeuliza, na hapo ndipo kosa lilipolala, ingawa ukiijua nyumba ile huwezi kuwalaumu sana. Walikuwa na mtoto mwingine, kaka yake Kitinda, na safari hii ilikuwa ndoto yake yeye: atoke mlangoni kwao, akizunguke kisiwa chote, arudi mlangoni kwao bila kupita njia moja mara mbili. Aliisema kila siku, na kila siku baba yake, fundi wa bodi za magari aliyerudi kutoka gereji hoi bin taaban, alimjibu aache porojo akalale. Kisha homa ikaja, ikamchukua ndani ya wiki. Tangu hapo, katika nyumba ile hakuna aliyemkatalia mwenzake jambo, wala aliyemhoji anataka nini na kwa nini. Ukikuta mtu amehamisha kiti, unakiacha. Ukikuta kifungo, unakiacha.

Mama alikitazama siku mbili tatu, na moyo wake ukampa jibu ulilolitaka. Kituo cha nne ni cha mtoto wao. Mumewe, ambaye hakuwahi kujua kusema pole kwa mdomo, ameisema kwa kifungo. Basi naye ataisema kwa sindano.

Uani tela lilikuwa linakaribia kwisha. Fundi aliliunda mwenyewe kwa mabati na mbao: vitanda viwili vya wazazi nyuma, kitanda chembamba cha Kitinda chini ya dirisha, na mkabala wake ubao wa kuwekea masufuria. Magodoro yalikuwa kazi ya mama, na aliifanya kama alivyofunzwa na mama yake. Humpimi mtu kwa namba. Unamlaza, unakata utepe wa kitambaa sawa na urefu wake, na godoro linaufuata utepe. Utepe wa marehemu alikuwa nao bado. Akaondoa masufuria, akashona godoro la nne kwa utepe ule, akalitandika juu ya ubao na kulivisha shuka. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Yeye aliona kwa safari hii wahenga wakae pembeni.

Mumewe alipoliona alisimama mlangoni mwa tela kitambo kirefu, kofia mkononi. Hakuuliza.

Mvua zilipoanza, na sauti ikaanza. Alasiri moja mama alikuwa kwenye cherehani, dirisha likitazama uani, akasikia kutoka ndani ya tela: ko, ko. Kimya. Ko, ko. Ndivyo anavyogonga ubao kwa visigino mtu aliyelazwa kwenye kitanda kifupi kila anapojinyoosha. Akatoka na khanga kichwani, akafungua. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya sponji iliyolowa maji ya chumvi, ingawa bati halikuvuja hata tone na bahari ilikuwa mbali. Godoro la nne lilikuwa limebonyea kichwani na kiunoni, na kwenye ubao mtupu, pale godoro lilipoishia, palikuwa na alama mbili za unyevu, za visigino.

"Amekua," mama akanong'ona.

Hakuogopa, na mimi hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Alifurahi. Miaka miwili imepita, mtoto si lazima akue? Akafumua mshono wa miguuni, akaongeza kipande cha sponji, akakata utepe mpya. Baada ya siku chache visigino viligonga tena, akaongeza tena. Alianza kuimba akiwa kazini. Fundi alimsikia, akamshukuru Mungu kwamba mkewe anapona.

Kisha jioni moja Kitinda akaenda kujilaza kwenye kitanda chake cha safari, kama alivyozoea, akaita: "Mama, godoro langu umelirefusha?"

Mama alikuwa hajaligusa. Alipoingia alimkuta binti yake amelala chali, kichwa kimegusa ubao wa juu, na chini ya miguu yake pamebaki shubiri nzima ya godoro, mahali ambapo mwanzoni mwa mwezi palijaa vidole vyake. Akachukua utepe wa Kitinda, akauweka utosini, akauvuta hadi kisiginoni, na utepe ukabaki. Akaurudia akidhani amekosea, ukabaki vile vile. Ndipo akakumbuka sketi ya shule iliyokuwa ikiburuta tangu wiki iliyopita na viatu ambavyo mtoto alisema vimelegea, na mkono wake, wenyewe bila kuamriwa, ukakinyanyua kile kipande kilichobaki ukakilinganisha na jumla ya vipande alivyokuwa amemwongezea yule wa kitanda cha mkabala, urefu ukawa mmoja.

Alimsubiri mumewe jikoni.

"Kile kifungo cheusi," alimwambia kwa sauti ya chini, "ulikiweka wewe, sivyo?"

"Mimi?" Fundi aliweka kikombe chini. "Si chako? Mimi nilijua unamkumbuka mtoto."

"Mimi nilijua ni wewe."

Kitinda, aliyekuwa mlangoni amejishika sketi isianguke, alisema kabla hajaulizwa kwamba si yeye.

Mganga waliyemwita alikuwa mtengeneza redio wa mtaa wa pili, mtu mnene, mcheshi, aliyependa kusema kwamba redio na majini ni mamoja, vyote hupiga kelele vikiwa havijakaa kwenye mawimbi yake. Aliinama juu ya ramani akiwa bado anacheka. Alipoinuka hakucheka tena. Aliwaeleza kwamba pale barabara inapokatika pana kitu ambacho hakijawahi kutoka, kwa kuwa hakina miguu wala mahali pa kulala miongoni mwa watu. Kinasubiri familia yenye pengo. Kinatupa chambo, na watu wakinyamaza kinajua kimekubaliwa.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mama," alisema. "Huyo si mwanao. Mwanao alikwenda zake, amepumzika. Huyu anajirefusha kwa urefu wa mtoto uliyebaki naye. Akifikia urefu wa mtu mzima, huyu binti utamtia mfukoni."

"Nifanye nini?"

"Aliyeshona ndiye afumue. Peke yako, mshono kwa mshono, mpaka uzi wa mwisho. Na utakachosikia humo ndani, usikijibu. Hata kwa kuguna. Jibu lako ni shuka lingine unalomfunika."

Fundi akakitupa kifungo chooni. Kitinda alikaa sebuleni na mganga. Mama akaingia kwenye tela mvua ikianza kunyesha, akafunga mlango, akapiga magoti mbele ya godoro la nne na wembe wake wa kufumulia.

Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Alifumua midomo imebanwa, na harufu ya chumvi ikapanda mpaka macho yakamwasha, na ubao ukaanza kugongwa chini ya mikono yake, ko, ko, taratibu, halafu kwa haraka, naye akaendelea. Akafumua upande wa pili huku sponji ikihema chini ya vidole kama kifua cha mgonjwa, akafika miguuni kwenye viraka alivyoviongeza kwa furaha yake mwenyewe, akavitoa kimoja baada ya kingine akimwona Kitinda wake akirudi shubiri kwa shubiri, na alipobakisha mshono wa kichwani, mahali pafupi tu, kule kugonga kukakoma na sauti ikasema kutoka ndani kabisa ya godoro, sauti ileile ya mwanawe, yenye mafua yaleyale ya asubuhi ambayo hakuna dawa iliyowahi kuyaponya:

"Mama. Baba alisema nikalale. Sasa nitalala wapi?"

Wembe ukasimama.

Alijua. Tusimsingizie kwamba hakujua. Aliambiwa, alielewa, na binti yake alikuwa hai ng'ambo ya ukuta. Lakini mama aliyeulizwa na mtoto wake mahali pa kulala hana kichwa cha kufikiria, ana kifua tu. Akainama mpaka midomo yake ikagusa kitambaa, akasema polepole kiasi kwamba yeye mwenyewe alijiambia haihesabiki:

"Usilie, mwanangu. Nitakutafutia nafasi."

Uzi wa mwisho ukatoka wenyewe, bila kukatwa. Harufu ikaisha papo hapo. Nje, mganga, aliyetoka sebuleni kumpokea, alimtazama usoni, akamwuliza kama alijibu. Akasema hakujibu. Waliichoma sponji uani ilipokatika mvua, ikawaka kama kitu cha kawaida.

Asubuhi yake sketi ya Kitinda ilimkaa kiunoni. Alikunywa vikombe viwili vya uji, akaomba cha tatu, na fundi, aliyekuwa hajalia hata msibani, aligeukia ukutani akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Akatangaza kwamba safari ipo. Watakizunguka kisiwa, kasoro upande ule, kisha watarudi waanze maisha upya. Jumamosi walipakia maji, jiko na mahema madogo ya kivuli. Fundi aliunga tela kwenye gari akipiga mluzi. Mama alipanda nyuma kutandika shuka, utepe ukining'inia shingoni kama ilivyo kwa mafundi wote wa cherehani. Kitinda alikuwa tayari amejilaza chini ya dirisha, macho yamefumbwa.

Ko, ko.

Mama aligeuka. Visigino vya binti yake vilikuwa vimepita mwisho wa godoro, vinagonga ubao, kwa upole, kwa subira. Akachukua utepe wa Kitinda kutoka mfukoni, akauweka utosini, haukufika visiginoni. Basi akautoa ule wa shingoni, wa mwisho aliomkatia yule mwingine, ambao katika haraka za siku ile hakukumbuka kuutia motoni. Ukakaa sawasawa, utosi kwa kisigino, bila kuzidi wala kupungua.

Kitinda alifumbua macho. Alivuta kamasi, yeye ambaye hakuwahi kuumwa mafua.

"Godoro fupi, mama," alisema. "Niongezee. Na tuanzie upande wa machweo."

Angeweza kupiga kelele. Mlango ulikuwa wazi, na mumewe alikuwa hatua chache tu. Lakini ingebidi amweleze ni nani aliyeahidi nafasi, na ni nafasi ya nani iliyotolewa. Katika nyumba ile walikuwa wamesahau namna ya kukataa, na sasa hata njia ya kuanzia hakuiona. Binti yake alikuwa ameondoka, na yeye ndiye aliyempisha mgeni.

Akatafuta sindano.

"Mama watoto," fundi aliita kwa furaha kutoka usukani, gari likinguruma. "Wote mmepanda?"

Uzi ulikataa kuingia tunduni. Akaulowesha kwa ulimi, ukaingia.

"Wote," akajibu.