Kibao cha Mokami

Kornelio aligonga gurudumu mara moja, nalo likalia mara mbili.

Alisimama na nyundo yake mkononi, sikio ameliinamisha, kama alivyosimama miaka kumi na minane katika karakana ya reli Nairobi kabla shirika la reli halijavunjika naye hajarudi kijijini kwao Itiryo na sanduku moja la bati. Mlio wa kwanza ulikuwa wake. Wa pili ulitoka chini ya toroli, mdogo na wa haraka.

"Umesikia?" akauliza.

"Ni mwangwi," alisema rafiki yake Okello. "Tuko ndani ya handaki, omera, ndugu yangu. Humu hata ukikohoa mnakohoa wawili."

Kornelio akakubali, kwa sababu alitaka kukubali.

Wazee hawa wawili walikuwa na ugonjwa mmoja: magari ya moshi ya Waingereza. Okello alikuwa mchochea moto wa injini Kisumu. Sasa alishona viatu Nyarero, na binamu yake wa Kenya alimletea magazeti ya zamani yenye picha za mabehewa. Waliyasoma mpaka kurasa zikalegea kama nguo. Kornelio alishikilia kwamba behewa ni lile la kale, la mbao, lenye springi za vyuma bapa vilivyopangana na breki ya kukazwa kwa mkono. Okello alisifu ya siku hizi, yenye milango inayojifunga yenyewe.

"Mlango unaojifunga wenyewe!" Kornelio alikuwa akimcheka. "Na siku ukikataa kufunguka, utampigia nani shikamoo akufungulie?"

Basi mwaka wa tisini na tatu, dhahabu ilipowashika watu vichwa, vijana walichimba kilima alichokiacha Mwingereza kabla ya vita vya Hitla. Wakatoboa handaki lake, wakakuta toroli la chuma limesimama juu ya reli zake, limefukiwa udongo hadi kwenye ekseli. Kornelio alipoitwa alikimbia kama anaitwa harusini. Lakini hakukimbilia chuma tu. Wangwe, mwanawe pekee aliyebaki hai kati ya wanne, alikuwa akibeba mawe kutoka ndani kwa mgongo, na mgongo ule ulikuwa umeanza kupinda akiwa na miaka ishirini na sita. Toroli lingetembea, mgongo wa Wangwe ungepona.

Alifukua udongo siku nne. Chini ya ekseli alikuta mifupa, akaitupa nje, akisema fisi hawana adabu, wanakula popote. Kwenye ndoano ya mbele kulikuwa na kibao cha chuma chekundu, maandishi ya Kiingereza yakikataza toroli lisisogezwe. Chini ya maandishi mtu alikuwa amekwaruza jina kwa msumari: MOKAMI.

Okello alivua kofia. "Kornelio. Sheria unaijua."

Aliijua sana. Fundi anayeingia chini ya behewa hutundika kibao chenye jina lake, na aliyekitundika ndiye anayekitoa. Hata mkuu wa stesheni hana ruhusa. Fundi akikisahau akaenda kulala, afuatwe kitandani. Na kabla behewa halijasogezwa, mtu hugonga gurudumu mara moja. Aliye chini hugonga mara moja pia, kusema nipo.

"Mokami huyu alikufa hata ndevu hatujaota," alisema Kornelio. "Nimfuate kitanda gani? Huko Uingereza wazee wenzetu wanatundika vibao kama hivi sebuleni. Na mimi nina ukuta."

Akakitoa, kisha akagonga gurudumu mara ile moja iliyolia mara mbili. Breki ikalia kidogo, ingawa hakuna aliyeigusa.

Wiki mbili toroli lilitembea kama limezaliwa jana. Wangwe alinyoosha mgongo, akaimba. Halafu harufu ikaanza: grisi iliyoungua, na ndani yake nywele zilizoungua. Kila asubuhi, wachimbaji wakinywa uji mlangoni, walisikia kutoka ndani kitu kikigonga chuma haraka haraka, kama mtu aliyefungiwa.

Siku ya Jumanne mchana, jua kali, Mwikwabe, kijana mwenye mzaha kuliko wote, alikaa kwenye reli kufunga kamba ya kiatu. Toroli lilikuwa hatua kumi nyuma yake, upande wa chini, tupu, kabari ya mbao ikiwa imebanwa gurudumuni. Lilipanda mlima. Lilimpitia kiunoni, likarudi, likampitia tena, likarudi, na Mwikwabe alipiga kelele mpaka mara ya tatu. Wenzake waliokota vipande kwa gunia la mahindi.

Kornelio alilikagua toroli mwenyewe. Breki ilikuwa imekazwa. Kabari ilikuwa bado chini ya gurudumu, imeloa damu. Akagonga mara moja. Safari hii hakuna kilichojibu, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

Walimwendea mganga Werema, mzee mwenye jicho moja. Aliwasikiliza, kisha akaomba aone kibao. Alikishika kama mtu anayeshika mkono wa maiti.

"Mokami ni baba yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwingereza alimleta kutoka reli ya Kisumu. Kilima kile kina mwenyewe, jini wa kale, na walipolipasua jiwe lake jeusi akaingia kwenye toroli. Alikula watu kumi na mmoja. Tulichinja kondoo, tukachoma dawa, wapi! Baba akasema, jini hushika sheria ya nyumba anayokaa. Huyu anakaa kwenye chuma cha reli. Akatundika kibao, akaingia chini, hakutoka tena. Mwingereza akaziba mlango akaondoka."

"Mzee, mimi nilitupa mifupa," alisema Kornelio.

"Uligonga kabla ya kusogeza?"

"Niligonga."

"Alikujibu?"

Kornelio alilia pale pale, mzee wa miaka sitini na mitatu, machozi na kamasi. Alikuwa amejibiwa. Ndugu wa kazi, aliyelala chini ya chuma miaka hamsini na zaidi akiwalinda watoto wa wengine, alimwambia nipo, naye akamwita mwangwi.

Asubuhi alimsihi Wangwe asiingie. Lakini mwamba ulikuwa umeanza kung'aa, na kijana aliyeona mwamba uking'aa ana masikio ya mapambo.

"Tata, toroli umenitengenezea mwenyewe," alisema Wangwe. "Leo tu. Kesho tutalitupa."

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisahau kusema guu la nani.

Saa nne kamili kelele zikatoka ndani. Kornelio alinyakua kibao na nyundo akaingia mbio, Okello nyuma yake na taa, na kadiri walivyoingia harufu ile ya nywele iliwajaa kooni, na miguu yao ikateleza kwenye kitu chenye joto ambacho hawakutaka kukimulika, na mbele yao walisikia toroli likigonga, likirudi, likigonga, bila haraka, kama mwanamke anayetwanga mtama akijua siku bado ndefu, na kila lilipogonga mtu mmoja alipungua katika sauti zilizokuwa zikilia, mpaka ikabaki sauti moja, nayo ilikuwa inaita tata, tata, tata.

Wangwe alikuwa amebanwa mwisho wa handaki, goti lake limesagwa kati ya chuma na mwamba. Toroli lilirudi nyuma kujipanga tena. Kornelio alilirukia, akakitundika kibao kwenye ndoano.

Toroli likasimama. Likatetemeka. Kisha likaanza kusogea, taratibu, kama linalosoma.

"Jina, Kornelio!" Okello alipiga kelele. "Jina siyo lako! Na chini hakuna mtu!"

Kornelio alichomoa msumari mfukoni, akitembea kinyumenyume na toroli likimsukuma kifua, akakwaruza jina lake chini ya lile la Mokami, herufi moja moja, mgongo wake ukikaribia uso wa mwanawe. Alipomaliza herufi ya mwisho alilala chali juu ya reli, akajivuta chini ya toroli.

Breki ikajikaza. Halafu mifupa ikavunjika kwa mfululizo, na hakuna aliyepiga kelele.

Okello alimvuta Wangwe kando, akachukua nyundo, akagonga gurudumu mara moja.

Chini kukagongwa mara moja.

Mlango ulizibwa kwa mawe, ikaachwa nafasi ya mtu mmoja kupita, maana Okello alikataa rafiki yake azikwe bila kusalimiwa. Kila Jumapili baada ya kanisa aliingia, akamsomea gazeti la mabehewa, akagonga, akajibiwa, akatoka.

Wangwe alipona akiwa na mguu mmoja, akatembea kwa gongo. Mwaka wa pili alimfuata mzee Okello akiwa na uso wa majivu.

"Baba mdogo, nilienda peke yangu. Tata ameongea. Amesema, Wangwe mwanangu, kazi imekwisha, mgongo unaniuma, nitolee kibao."

Okello alimshika mabega. "Babako angekwambia ukitoe wewe? Aliyekitundika nani?"

"Tata."

"Na alipokuwa anasema hayo, ulisikia nini kingine?"

Wangwe alilia muda mrefu kabla hajajibu. "Kugonga. Haraka haraka. Muda wote aliokuwa anasema."

"Huyo anayegonga ndiye babako. Usiende tena."

Akaapa hataenda. Jumapili iliyopita Okello aliingia na gazeti lake kwapani, akainua taa. Kibao kilikuwa mahali pake. Lakini vumbi lake lilikuwa limefutwa kwa vidole, na sakafuni, mpaka kwenye ndoano, kulikuwa na alama za mguu mmoja na gongo.