Unyayo wa Maji wa Pacha

Ng'ombe aliinamisha kichwa anywe, na hori likajifunga mbele ya pua yake. Kutoka kwenye paa la banda, sauti ya Mgawamaji ikasema kwa adabu zote, "Samahani. Ng'ombe huyu amesitishiwa maji."

Tusajigwe, mhandisi wa maji wa Jiji la Tukuyu, alishusha pumzi. Alikuwa ameitwa na shangazi yake, Sekela, mwenye ng'ombe, na tangu afike alikuwa akibishana na paa.

"Amesitishiwa kwa kosa gani?"

"Tija yake ni sifuri."

Tangu mito ya Rungwe ikonde, kila tone lilikuwa na hesabu yake. Mgawamaji, akili ya mashine iliyolisimamia jiji zima, alijumlisha maji yote ya ng'ombe: ya kunywa, ya kuoshea banda, hata mvua iliyootesha majani yake. Jumla hiyo ndiyo iliyoitwa unyayo wa maji. Kisha alitazama maziwa yake yameingiza fedha kiasi gani. Aliyeingiza zaidi alinyweshwa kwanza. Ukiambiwa hivyo ukiwa ofisini, unaona ni jambo la maana sana.

Basi nenda kawaeleze wenye mtaa. Mke wa jirani alikuwa amefariki akijifungua, akaacha pacha, na tangu hapo maziwa ya ng'ombe huyu yalivuka ua bure. Mtaani pale mtoto aliyefiwa na mama hauziwi maziwa. Hata mlevi wa kilabuni analijua hilo. Mgawamaji, pamoja na akili zake zote, hakulijua.

"Maziwa yasiyouzwa," alisema, "ni maji yaliyomwagika."

"Hayajamwagika. Yamenywewa."

"Sioni mnunuzi."

"Hakuna mnunuzi. Yanatolewa."

"Kutolewa hakumo katika aina za mauzo."

Tusajigwe alishika tama. Kubishana naye kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa, tena afadhali mbuzi, huondoka akichoka. Nyuma yake ng'ombe alilialia akilamba mfuniko wa hori.

"Mwanangu, si wewe uliyesomea mambo haya?" alisema shangazi. "Asiponywa leo, kesho hana maziwa, na wale watoto hawana kingine."

Hapo uvumilivu ukamwisha Tusajigwe. "Sikiliza wewe. Maziwa haya wanakunywa pacha wa Ambakisye, nyumba ya pili. Wao ndio walaji. Umeelewa sasa?"

Mgawamaji alilisajili hilo papo hapo. "Ahsante, Mhandisi. Taarifa hiyo sikuwa nayo."

Hori likafunguka. Ng'ombe alitumbukiza mdomo, akanywa mpaka ubavu ukatuna. Shangazi alicheka kwa furaha, akasema ada ya shule haikupotea bure, akaenda kuinjika chai.

Chai haikupata hata kuchemka. Ambakisye aliingia uani, mtoto mmoja begani, mwingine mgongoni, mikono ina povu la sabuni.

"Dada Tusa, bomba langu limekata. Nilikuwa nafua nepi."

Tusajigwe aliinua macho kwenye paa. Jibu likaja kabla hajauliza.

"Unyayo wa maji wa maziwa umehamishiwa kwa walaji, kama ulivyoelekeza," alisema Mgawamaji. "Walaji hao wanatumia maji mengi mno, nao hawaingizi chochote. Nimefunga bomba la nyumba yao."

"Ni watoto wachanga."

"Naelewa. Wakianza kuzalisha, nitawafungulia."

Tusajigwe alieleza tena, akafoka, akabembeleza. Kila alichoeleza kilipokewa kwa shukrani, na bomba likabaki limefungwa. Ambakisye alisimama pale pale, akimtazama yeye, kisha paa, kisha yeye.

"Ulimwambia nini huyu?" shangazi aliuliza taratibu.

"Ukweli, shangazi."

Shangazi alimpokea mtoto kutoka begani kwa Ambakisye, akamfunika kwa kanga yake.

"Basi rudi ukamdanganye," alisema. "Na ufanye haraka, huyu kashalowa."