Nani Alihamisha Waya wa Skrini

Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mwenye studio aliwasha kompyuta kubwa ya mezani akaona vidole vya katuni yake vinaruka. Mhusika alipaswa kusema "karibuni" kwa lugha ya alama, lakini mkono uliganda, ukapotea, ukaibukia begani. Alhamisi watoto viziwi wa shule moja walikuwa waje kuitazama katuni hiyo. Kwa vidole vya namna ile wasingeambulia neno.

Saa tatu alifika fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Alifungua ubavu wa boksi, akamulika ndani kwa tochi.

"Dada, umeibiwa. Kadi ya michoro, inayochora picha za skrini, haipo."

"Mbona picha inaonekana?"

"Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina uwezo wake mdogo wa michoro, kama ilivyo kwenye laptop nyingi. Kuandika barua au kutazama filamu, unatosha. Kazi yako inauelemea, maana hauna kumbukumbu yake wenyewe, unaazima ya kompyuta. Kadi ilikuwa na yake." Akageuza boksi. "Aliyeichukua alihamisha waya wa skrini kutoka tundu la kadi hadi hili la juu. Na parafujo za kadi amezibandika humu ndani kwa utepe."

Mashine yenyewe ilionyesha kwamba ilizimwa Jumamosi saa nne na dakika kumi asubuhi, ikawashwa saa nne na nusu. Muda huo watu watatu walikuwa ofisini: Mama Pacha, mfagizi; Begi, mchoraji wa mandhari ambaye mkoba wa laptop haumtoki begani; na meneja, mjomba wa mwenye studio.

"Mnazunguka nini?" alisema Mjomba. "Mama Pacha ndiye hubaki humu peke yake. Afunge virago."

Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, ufagio mkononi. "Miaka sita, baba, sijachukua hata kipande cha sabuni."

Bisibisi aliwaketisha wote, akasema ana swali moja tu. "Nyumbani mnatumia kompyuta gani?"

"Mimi sina," alijibu Mama Pacha.

"Laptop hii hii," alisema Begi.

Mwenye studio alimtazama Begi kwa jicho la pembeni. "Wiki jana ulilalamika inakuchelewesha. Leo umekuja na mandhari zote tayari."

"Nilipunguza ukubwa wa picha, nikaiacha ifanye kazi Jumapili kutwa. Ishike uone inavyochemka."

Bisibisi aliipima kwa kiganja. "Kadi ile ni nene kuliko laptop yenyewe. Humu haiingii hata kwa shoka."

"Basi kaiuza," alisema Mjomba.

"Wa kuuza asingehangaika na waya, Mzee. Angechomoa akaenda zake. Huyu alitaka leo skrini iwake, mtu asishtuke. Na parafujo hutunzwa na anayekusudia kurudisha. Kwako je, mna kompyuta gani?"

"Ya mezani, ya binti yangu. Anasomea usanifu wa majengo." Uso wake ulichangamka. "Ilikuwa inamtoa machozi, kila akizungusha jengo inaganda. Sasa anapita ghorofa zote kama yumo ndani."

"Tangu lini?"

Begi aliacha kuchezea zipu ya mkoba, akamgeukia Mjomba.

"Mjomba?" aliita mwenye studio.

"Tangu Jumamosi," alisema hatimaye. "Anatahiniwa keshokutwa. Mwaka jana mashine ilimgandia mbele ya walimu, wakamrudisha nyumbani. Nilidhani picha ikionekana, basi hutatambua. Ningeirudisha Alhamisi."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Mpwa niliyembeba mgongoni, leo nimwangukie kuomba? Niliona aibu."

"Na kumsingizia Mama Pacha hukuona?"

Mjomba aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akainamisha kichwa. "Nimekukosea, mama. Nimekuchafulia jina, na mimi ndiye mwizi."

Mama Pacha aliegemeza ufagio ukutani. "Nimekusikia," alisema. "Kusamehe, nipe siku kidogo."

Mwenye studio alinyoosha mkono, Mjomba akaweka funguo zake kiganjani humo. "Umeneja wako umeishia hapa," mpwa alisema. "Lakini mtoto hana kosa. Lete kadi sasa hivi, uje na binti na kazi yake. Jioni tukitoka, kiti hiki ni chake, na siku ya mtihani aibebe mashine nzima."

Bisibisi aliirudisha kadi saa saba mchana. Jumatano binti alifaulu mtihani wake, akairudisha mashine mwenyewe, akasaidia kupanga viti.

Alhamisi, saa nne asubuhi, mhusika wa katuni aliinua mikono kwenye skrini, vidole vikienda vizuri kimoja baada ya kingine. Msichana wa safu ya mbele aliinua yake, akamjibu.