Joto Nyuma ya Mgongo

Kopo la rangi nyeusi isiyong'aa lilibaki moja tu kwenye rafu, na mikono miwili ikalidaka kwa pamoja. Duka la vifaa lilikuwa limefurika, watu wanasukumana kama wanagawiwa bure.

"Kaka, achia. Nina gari linanisubiri gereji."

"Na mimi nina metali inanisubiri maabara, dada."

"Metali inasubiri? Makubwa!" Akacheka mpaka watu wakageuka. Ovaroli yake ilijaa madoa ya kila rangi, kichwani kitambaa chekundu. Kijana mtafiti, shati jeupe limenyooka kwa pasi, akacheka naye bila kuachia kopo.

Wakagawana kopo. Haukupita muda wakawa wanagawana chakula cha mchana, na binti ndiye anayempakia rangi vipande vyake vya aloi, ile metali ya mchanganyiko.

"Aloi hii ikivutwa hainyooki taratibu," mtafiti alimweleza. "Inashtukashtuka, na kila ikishtuka, mkanda wa joto unapita mbio mwilini mwake. Jicho haliuoni. Kamera ya joto inauona."

"Na rangi ya nini?"

"Bila rangi inang'aa, inakuwa kioo. Ukisimama karibu, kamera inaona joto lako."

"Kumbe nitakuharibia kazi."

"Ulishaniharibia, laazizi. Hata usingizi sina."

Raha hiyo ikaingia mdudu. Asubuhi moja binti alipiga simu, sauti imekauka. "Mpenzi, mjomba ameleta mchumba. Anataka jibu leo."

"Leo? Nami nina majaribio mpaka jioni!"

"Nitapita hapo mchana. Uniambie kwa mdomo wako kama unanioa. Kwenye simu sitaki."

"Njoo. Jibu langu unalijua."

"Nataka kulisikia."

Mchana ukapita, jioni ikaingia, mtafiti hakumwona. Akapiga simu, haikupokelewa. Basi amemchagua huyo wa mjomba, akajisemea, na roho ikamuuma kwelikweli. Angevaa viatu akaenda gereji, yangeisha. Lakini mwanaume na kiburi chake! Akavimba kwake, binti naye kwake, wiki zikaenda.

Siku moja profesa wake, mama asiye na utani na kazi, akamwita kwenye kompyuta, anapitia picha za majaribio yaliyopita. "Hiki nini? Mashine bado haijaanza kuvuta, na joto lipo."

Mtafiti akainama. Kwenye kile kipande, doa refu la joto lilisimama wima, halichezi.

"Kipande hiki ulikipaka rangi?"

"Rangi iliniishia, profesa. Nikakiweka hivyohivyo."

"Basi huyo ni mtu. Alisimama nyuma yako. Futa, rudia."

Mtafiti akatazama tarehe: ni siku ileile binti aliyosema atapita. Mashine ikaanza kuvuta, doa likakaa na kukaa mpaka metali ikakaribia kukatika. Likainua mikono kichwani, likakaza kitu kisogoni, kama binti alivyozoea kukaza kitambaa chake kila akiwa na wasiwasi. Kisha likapungua, likatoweka.

Alitoka mbio hadi uani, akapiga. Safari hii ikapokelewa.

"Ulikuja," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nimekuona kwenye metali. Mbona hukuniita?"

"Nilikuita. Ulivaa vile viziba masikio vyako. Nikasogea, ukaninyooshea kiganja bila hata kugeuka. Nikasema basi, ndiyo jibu lenyewe."

"Mungu wangu! Kile kiganja si cha kumfukuza mtu! Metali ikikaribia kukatika, tunanyoosha mkono, yeyote aliye karibu asisogee asije akaumia. Ni mazoea ya kazi, mama. Sikujua upo!"

Binti akalia, bila kujizuia.

"Nakuja sasa hivi," mtafiti akasema. "Nitaongea na mjomba."

"Usije. Nilishamjibu mjomba. Nimeshafungishwa ndoa, wiki iliyopita."

Mtafiti akaegemea ukuta. Ndani, mashine ilikuwa inanguruma.

"Nikuulize," binti akasema akijifuta kamasi. "Ninaonekana sura humo?"

"Hapana. Joto tu."

"Ukanijuaje?"

"Ulivyokaza kitambaa."

"Joto tu, ukanijua. Na siku ile nilikuwa nyuma ya mgongo wako, mzima, nakuita kwa jina, hukunijua." Akavuta pumzi. "Nakupenda. Usinipigie tena."

Simu ikakatika. Mtafiti akarudi ndani, akakaa mbele ya kompyuta, akairudisha picha mwanzo. Doa likatokea, likasimama. Mara hii aligeuka nyuma, akautazama mlango.