Racheti Iliyopakwa Samli

Asubuhi watu wa Kihanga waliamshwa na jogoo, kisha na mashine ya Fidele. Ilikuwa mashine ya kusaga, ya dizeli, kuukuu lakini yenye nguvu. Wanawake walifika na mahindi, mtama na mihogo mikavu. Fidele alisaga. Mkewe, Kampire, alipokea mizigo huku mtoto wao Eugenia akiwa mgongoni. Ikifika saa nne, wote watatu walikuwa weupe kwa unga.

Mashine hiyo ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ilitikisika. Ilifungwa kwenye sakafu kwa bolti nne ndefu, na nati zake zililegea kila wiki. Bolti mbili zilikuwa karibu sana na ukuta. Fidele alilala kifudifudi na spana yake, akageuza kidogo, akaitoa, akairudisha, akageuza kidogo tena. Nati moja ilimchukua nusu saa, na maneno aliyoyasema chini pale siwezi kuyaandika hapa.

Siku moja mwaka 1998, Fidele alirudi kutoka Omurushaka na sanduku dogo la bati. Alikuwa amelipata kwa dereva mmoja aliyekuwa akihama, akamlipa beberu mmoja.

"Mama Eugenia, njoo uone," aliita.

Ndani mlikuwa na mpini mfupi wa chuma na soketi kumi, vile vikombe vya chuma vinavyovikwa juu ya nati. Kampire alishika soketi moja, akaiweka jichoni. Akamwona mumewe upande wa pili.

"Mbona imetoboka?" aliuliza. "Umetoa beberu mzima kwa vitu vilivyotoboka?"

"Ndiyo uzuri wake," alisema Fidele. "Soketi ya kawaida ina kitako. Bolti ikiwa ndefu, inagonga kitako kabla soketi haijaifikia nati. Hizi hazina kitako. Bolti inapita katikati na kutokea upande wa pili. Na mpini huu ni racheti. Nikiuvuta, nati inageuka. Nikiurudisha, unalia krr-krr, nati inabaki palepale. Sina haja ya kuutoa."

Akalala chini kando ya ukuta. Krr-krr, krr-krr. Nati zote nne zilikazwa kabla maziwa hayajachemka jikoni. Kampire alishangaa, akacheka, akamsamehe habari ya beberu.

Tangu siku hiyo Fidele hakuachana na racheti. Baiskeli ya jirani, racheti. Bawaba ya mlango, racheti. Jumapili aliibeba mfukoni hadi kanisani. Sijui alitegemea kufungua nini kule.

Kampire naye aliipenda. Alikuwa mtoto wa wafugaji. Mama yake, Nyirabageni, alimfundisha kwamba kitu kizuri hupakwa samli. Kibuyu cha maziwa hupakwa samli, ngozi hupakwa samli, mtoto hupakwa samli. Hata kisu kipya hupakwa, kisipate kutu. Basi kila Jumamosi Kampire aliipaka racheti samli. Aliijaza hadi ndani ya tundu, kwa kidole, kwa upendo kabisa. Baada ya wiki kadhaa mlio wa krr-krr ulipungua. Fidele alifurahi, akadhani imelainika.

Jumatano moja puli ya mashine, lile gurudumu linalovutwa na mkanda, ilianza kucheza. Fidele alizima injini na kutoa mkanda. Alitaka kuifungua puli, lakini nati yake ilikuwa imeshika kutu. Spana ndefu ilining'inia ukutani, hatua tatu tu kutoka aliposimama. Hakuitazama. Alichukua racheti.

Nati haikusogea. Fidele akaleta kipande cha bomba la maji, akakivika kwenye mpini ili uwe mrefu.

"Mama Eugenia, shika gogo hili. Zuia puli isizunguke."

Kampire alisimama karibu na mlango, akashika gogo. Eugenia alikuwa mgongoni, amevaa kofia yake nyekundu.

"Bomba la nini?" Kampire aliuliza.

"La kuongeza nguvu. Shika sana."

Fidele alivuta. Akavuta tena, safari hii kwa uzito wake wote. Ndani ya racheti kitu kikateleza. Mpini ukazunguka bure, naye akaenda nao. Vidole vyake vikajigonga kwenye puli, vikapasuka. Bomba likachomoka na kuruka. Likapita kando ya Kampire, likagonga mwimo wa mlango kwa kishindo.

Eugenia hakulia.

"Kampire," alisema Fidele. Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu mtoto azaliwe. "Kampire, mmeumia?"

Kampire alitikisa kichwa. Aligeuka akautazama mwimo. Mti ulikuwa umetoboka, vidole viwili vingeingia. Akaugusa. Kisha, bila kujua kwa nini, akausogelea na kusimama ameupa mgongo.

Tundu lilikuwa kimo kimoja na kofia nyekundu.

Fidele aliona. Akaketi chini kwenye unga. Damu ya vidole ilitiririka, wala hakuifuta. Alikuwa akitazama kofia ile.

Siku mbili mashine haikunguruma. Ijumaa alikuja Mama Placida, fundi wa mitambo waliyemwita kutoka Kayanga. Alikuwa mama wa makamo, Mhaya wa Muleba, na mikono yake ilinuka dizeli hata baada ya kunawa.

"Shikamoo, Mama," walisema wote wawili.

"Marahaba, wanangu."

Alikwenda kwanza mlangoni. Aliingiza vidole viwili kwenye tundu. Alikuwa fundi kwa miaka ishirini, lakini uso wake ulibadilika.

"Mtoto alikuwa wapi?" aliuliza.

Kampire alimwonyesha. Mama Placida akaomba racheti. Aliifungua kwa bisibisi ndogo, akainusa.

"Humu mmepika nini?"

"Ni samli, Mama," alisema Kampire. "Nilipaka mimi, isipate kutu." Machozi yakaanza kumtoka. "Basi ni mimi niliyekaribia kumuua mwanangu."

"Sikiliza, binti. Tazama hapa ndani. Unaona hiki kijino? Ndicho kinachouma meno ya gurudumu na kuligeuza. Samli imeganda kwa baridi yetu ya Karagwe, ikachanganyika na unga. Kijino kimekwama, hakiumi vizuri. Samli yako ni kosa. Lakini si kosa peke yake." Akamgeukia Fidele. "Bomba lilikuwa la nani?"

"Langu," alisema Fidele kwa sauti ndogo. "Mama, kitu hiki nakitupa chooni leo."

"Usikitupe. Bolti zako ndefu pale chini utazikaza na nini? Kwa kazi ile, sijaona kitu bora. Bolti inapita katikati, na mkono hauchoki kwenye nafasi finyu. Lakini vijino vyake ni vidogo. Kazi yake ni kuzungusha nati haraka, si kung'oa nati yenye kutu. Tena kichwa chake ni kinene, hakiingii nati ikiwa ndani ya shimo. Na ukipoteza soketi moja, zile za dukani hazitaingia kwenye mpini huu."

"Na nati ya puli?"

"Spana ndefu ya pete, yenye duara linaloizunguka nati yote. Ile pale ukutani."

Mama Placida alisafisha racheti kwa mafuta ya taa, akaikausha, akatia matone mawili ya oili nyepesi ya cherehani. Akaichezesha. Krr-krr ikarudi, kali kama siku ya kwanza.

"Ukisikia mlio umepungua, usifurahi," alisema. "Isafishe."

Kisha alidondosha mafuta ya taa kwenye nati ya puli.

"Sasa tunaiacha hadi alasiri. Kutu haitaki haraka. Ukivuta, simama imara, uvute kuelekea kwako. Bomba usitie. Nati ikilegea, hapo ndipo racheti ifanye kazi yake. Wakati wa kufunga, racheti ianze, spana ya pete imalizie. Na mtu asisimame karibu."

Alasiri Fidele alichukua spana ndefu. Vidole vyake vilikuwa bado na bandeji. Kampire, kwa mazoea, akainama kuokota gogo.

"Acha," alisema Fidele. Alichukua gogo mwenyewe, akalikaza kati ya puli na sakafu. "Toka nje na mtoto. Fika kwenye mibuni."

Kampire alisimama kwenye mibuni akisubiri. Kisha akasikia nati ikiachia, mlio mfupi mkavu. Halafu krr-krr, krr-krr.

Jumamosi mashine ilisaga hadi jioni bila kutikisika. Samli ilirudi kwenye vibuyu. Jirani aliyekuja na mahindi alimshauri Fidele alizibe lile tundu la mlangoni kwa udongo, maana linaharibu nyumba.

"Liache," alisema Fidele.

Mwaka uliofuata Eugenia alianza kutembea. Kofia yake ilikuwa bado chini ya tundu lile.